Kadi za punguzo la safari kwa mwanafunzi, kijana na mwalimu: nani achukue ipi?

Mlima_Kibo (Moshi)
Wakuu, habari za leo. Kuna watu watatu wanakwenda Ujerumani Julai, wiki tatu za mafunzo kwa mwaliko wa chuo cha huko. Mmoja yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu cha Ushirika, wa pili ana miaka 27 na alishahitimu, wa tatu ni mwalimu wa sekondari Arusha anayeongozana na mwanafunzi. Tunasikia kuna ISIC, IYTC na ITIC. Nani achukue ipi, nyaraka gani zinatakiwa, na je, zinashusha nauli ya basi la Moshi–Dar?

Sakina_Juu
La basi sahau kabisa. Pale stendi hakuna atakayeiangalia hiyo kadi. Nauli ya mwanafunzi ya daladala nayo ni mambo ya sare na kitambulisho cha shule, haihusiani.

ISIC ni ya anayesoma muda wote, kuanzia miaka 12, haina ukomo wa umri. IYTC ni ya yeyote ambaye hajafikisha miaka 31, asome asisome, kwa hiyo huyo wa 27 ndiyo yake. ITIC ni ya mwalimu wa ajira ya muda wote. Wa tuisheni ya jioni hawamo.

Maombi ni mtandaoni: picha ya pasipoti, ukurasa wa pasipoti wenye picha, na uthibitisho. Kwenye uthibitisho ndipo watu hukwama. Barua ya kujiunga na chuo haioneshi kwamba bado unasoma. Omba kwa msajili barua yenye namba ya usajili, kozi, mwaka wa masomo, tarehe na muhuri, kwa Kiingereza. Mwalimu aombe ya mwajiri. Jina liandikwe lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Chuo kikiandika majina mawili na pasipoti ina matatu, rudisha barua irekebishwe kabla hujalipa.

Mwl_wa_Jiografia
Kabla ya kadi, angalieni viza. Ada ya viza ya Schengen (viza ya safari fupi, Ujerumani ikiwemo) kwa mtu mzima ni euro 90, lakini kanuni zao zinawasamehe wanafunzi na walimu wanaoongozana nao, safari ikiwa ya masomo au mafunzo. Hapo kadi haisaidii; kinachotakiwa ni barua ya chuo, ya shule, na ya mwenyeji inayotaja mafunzo hayo kwa tarehe. Barua ikisema "ziara" tu, mtalipishwa. Wa miaka 27 aliyehitimu ajiandae kulipa. Gharama ya wakala anayepokea maombi ni kitu kingine, haiingii kwenye msamaha.

Na kadi si bima. Viza inataka bima ya matibabu ya angalau euro 30,000.

Mlima_Kibo (Moshi)
Asante mwalimu, hilo la viza hatukulijua. Treni je?

KIA_hadi_Dar
Huko punguzo nyingi zinafuata umri, na pasipoti inatosha. Pasi ya treni ya Eurail ina bei ya vijana miaka 12 hadi 27, hivyo wawili wanaingia kama mwanafunzi hajavuka hapo. Ila msinunue Interrail, hiyo ni ya wakazi wa Ulaya. My BahnCard 25, kadi ya punguzo ya treni za Ujerumani, ni kwa walio chini ya miaka 27, mwenzenu ameikosa. Tena inajirefusha yenyewe: usipoighairi mapema, unakatwa mwaka mwingine ukiwa umesharudi Soweto ya Moshi unakunywa chai. Kama mtazunguka mji mmoja na vitongoji vyake, tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket haibagui umri, lakini haipandi treni za kasi za ICE, na nayo ni ya kujiandikisha: kughairi mwisho tarehe 10 ya mwezi.

Kwa ndege, mashirika kadhaa yana nauli ya wanafunzi, na faida kubwa huwa ni mzigo wa ziada kuliko bei. Linganisha na ofa ya kawaida ya siku hiyo hiyo. Mara nyingine ofa ni rahisi zaidi. Ukiikata, beba uthibitisho hadi kaunta ya KIA.

Sakina_Juu
Naongezea: kadi ya kwenye simu ifunguliwe ndani ya programu yenyewe, picha ya skrini hukataliwa. Ifungueni mara moja mkiwa na intaneti kabla ya kuondoka. ITIC ina punguzo chache kuliko ISIC, kwa hiyo mwalimu atafute kwanza kwenye orodha ya mji anaokwenda. Akikuta makumbusho mawili tu, asilipe.