London–Amsterdam mara mbili kwa mwezi: tiketi nafuu napata vipi?

Mwanaisha: Jamani, naishi Woolwich. Kazi inanipeleka Amsterdam, naenda Jumatatu alfajiri, narudi Jumatano jioni. Uwanja wa ndege wa London City uko jirani kabisa, vituo vichache tu vya DLR (treni nyepesi ya mjini), lakini bei ya Jumatatu inaniumiza. Nimejiajiri, kila pauni inatoka mfukoni mwangu. Wenzangu mnafanyaje?

Kaka Juma: Dada, ikimbie Jumatatu asubuhi, wenye mikutano wote wanagombea hiyo. Mwombe mteja aanze Jumanne. Halafu angalia ndege za easyJet, shirika la bei nafuu, kutoka viwanja vya Gatwick au Luton: panda treni ya Elizabeth hadi kituo cha Farringdon, badilisha upande treni ya Thameslink. Begi la sentimita 45 kwa 36 kwa 20 ni bure. Ila jumlisha nauli ya treni kabla hujashangilia.

Mama Neema: Mimi napanda treni ya Eurostar pale kituo cha St Pancras, London. Safari huchukua kama saa nne, lakini unashukia kituo cha Amsterdam Centraal, katikati ya mji, na njiani unafanya kazi. Kata tiketi mapema sana.

Mwanaisha: Asanteni. Nimeshamwandikia mteja kuhusu Jumanne. Mama Neema, wewe hukata wiki ngapi kabla?