Kichwa hakilali hata nikilala, mnafanyaje?

FundiWaKibuye: Hamjambo. Nashona sare za shule hapa Kibuye, Kisumu. Januari kila mzazi anataka sketi yake ilikuwa tayari jana. Nikifika nyumbani Nyalenda, cherehani bado inalia kichwani. Saa nane usiku niko macho nahesabu vifungo. Nipeni kitu kidogo cha kila siku. Msiniambie likizo Diani, kodi yenyewe ni vita.

Boda_Nakuru: Pole dada. Kabla ya kuwasha pikipiki alfajiri, navuta pumzi nikihesabu hadi 4, naitoa polepole hadi 6, mara kumi hivi. Kuitoa kwa urefu ndiko kunakopunguza mapigo ya moyo. Stejini walinicheka. Sasa wawili wanafanya, kisirisiri.

MwalimuMstaafu: Binti yangu, chai ya mwisho unakunywa saa ngapi? Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu tu mwilini. Halafu andika kazi za kesho kwenye daftari, ulifunge, uliache jikoni. Si kitandani!

FundiWaKibuye: Mwalimu, umenishika. Saa tatu usiku, tena majani nazidisha. Jana niliandika: sketi 14, kaptura 9, zipu za yule mama wa kelele. Nimelala hadi saa kumi alfajiri. Leo nafunga mapema nipitie Dunga, nitazame jua likizama ziwani. Simu nitaizima, wazazi watanisamehe.

Boda_Nakuru: Hawatakusamehe. Zima tu.