Bendi ya Mtaa Walukuba, Jinja 🎺🥁

*Jumatano*

19:04 Mama Zai (Saksi): Jamani habari za jioni. Nakumbusha kwa mara ya tatu sasa, tarehe 9, siku ya Uhuru, ni Alhamisi ya wiki ijayo, si ya mwaka kesho. Chairmani wa LC, baraza letu la mtaa, kanipigia leo anauliza bendi ipo au haipo nikamwambia ipo, sasa mniambie nimedanganya au sijadanganya. Nyimbo ni tatu: wa taifa, wa Jumuiya na wa Busoga. Mazoezi kesho saa kumi na moja jioni pale pale chini ya mwembe. Kila mtu aandike NIPO

19:05 Mama Zai (Saksi): Nipo

19:31 Mama Zai (Saksi): Watu 23 mmesoma. Tiki naziona

19:40 Simbali: nipo kama boda itapata mafuta

19:41 Mama Zai (Saksi): Wewe na simbali zako mbili ukikosa tumekosa watatu, usinichezee

19:44 Kaka Tromboni: Nipo lakini slaidi imekwama tangu ile mvua. Nimeitia mafuta ya kupikia

19:44 Simbali: 😂😂😂

19:45 Kaka Tromboni: kila nikivuta nasikia njaa

19:47 Mama Zai (Saksi): Nani alikwambia mafuta ya kupikia??? Yanaganda mle ndani yanashika vumbi. Osha na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, pitisha kitambaa laini, halafu uje nikupe krimu kidogo. Maji ya moto usitie, ile rangi ya juu itabanduka yote

19:52 Dada Klarineti: Mimi nitachelewa natoka kazini kumi na mbili. Na noti za wimbo wa Jumuiya sina, ile picha uliyotuma mistari miwili ya mwisho naona kidole tu

19:53 Mama Zai (Saksi): Kidole cha Zai hicho. Nitapiga nyingine

20:02 Mama Zai (Saksi): Na mambo ya kii, yaani wimbo ukae sauti gani, tumalize leo leo. Wa taifa tunapiga B flat. Maana yake, kwa kuwa vyombo havisomi sawa, saksi alto tunasoma G, tarumbeta na klarineti C, tromboni na tuba mnakaa hapo hapo B flat. Mwaka jana kila mtu alianza na yake, mgeni rasmi akasimama akakaa akasimama tena

20:05 Simbali: simbali tunasoma kii gani

20:06 Kaka Tromboni: kii ya boda

20:09 Simbali: ule wimbo mfupi bwana, watu wakija kujua tumekosea umeshaisha

20:11 Mwalimu Tarumbeta: Ni kati ya mifupi kabisa duniani, ndiyo maana kosa halina pa kujificha. Wimbo mrefu unakupa nafasi ya kutubu

20:13 Kaka Tromboni: Na malipo?

20:14 Mama Zai (Saksi): Soda na pilau

20:16 Mwalimu Tarumbeta: Marehemu Kakoma aliyeutunga wimbo wa taifa, mwenyewe ilibidi aende kortini kudai chake, wewe unataka posho ya kupuliza beti moja

20:20 Jirani Tuba: Mimi swali langu ni moja. Ngoma?

20:21 Jirani Tuba: Besi dramu iko wapi na nani anapiga. Maana tuba peke yake haiwezi kushika hatua za watu, Jumapili tulivyojaribu mlikuwa mnatembea kama mnaruka madimbwi

20:48 Mama Zai (Saksi): Ya ngoma tutaongea kesho

20:50 Jirani Tuba: Hiyo kesho tunayo tangu mwezi uliopita

20:52 Simbali: tuazime ya shule

20:53 Mwalimu Tarumbeta: Na wao wanapiga gwaride siku hiyo hiyo

20:55 Kaka Tromboni: jerikani. ile ya lita 20 ikiwa tupu ina besi nzuri kweli sitanii

20:56 Simbali: 🤣🤣 mgeni rasmi ataagiza maji

20:58 Jirani Tuba: Cheka tu. Ngoma ipo na kila mtu humu anajua iko nyumba gani

21:00 Dada Klarineti: Jirani taratibu, Mama Opio yuko humu

21:02 Jirani Tuba: Najua yuko humu ndiyo maana naandika humu. Sijasema kaiba, ngoma mume wake aliinunua kwa jasho lake. Nasema sisi ndiyo hatuna uso wa kwenda kugonga ule mlango, na wale waliokwenda Kaliro siku ya mazishi wanajijua

21:03 Bandimasta: _Ujumbe huu umefutwa_

21:03 Simbali: tushasoma bandimasta

21:05 Bandimasta: Kaliro tulikuwa tumekula adivansi nieleze mara ngapi. Gari limelipiwa, watu wa kwanjula, ile sherehe ya kujitambulisha ukweni, wameshafunga mahema wanasubiri, ningefanya nini. Na rambirambi nilituma

21:07 Jirani Tuba: Ulituma

21:07 Jirani Tuba: kwa simu

21:15 Mama Zai (Saksi): Jamani jamani. Kaliro isirudi humu, nimeomba. Tarehe 9. NIPO ziko tatu tu mpaka sasa

21:16 Simbali: mimi si nilihesabiwa watatu, basi ziko tano

*Alhamisi*

06:12 Mzee Sajini: Mama Zai na wanangu wote amani iwe kwenu nimesoma usiku sikuwa na usingizi. Baba Opio ile ngoma kabla hajapiga alikuwa anaweka kiganja juu ya ngozi kama mtu anayepima homa ya mtoto anasema bado ina baridi tusubiri na sisi tunasubiri jua liiwashe hata kama bwana harusi amefika. Siku ya kumzika tulikuwa wawili tarumbeta ya mwalimu na koneti yangu. Toka nyumbani mpaka kaburini hakuna ngoma wale waliobeba wakawa wanapishana miguu ikabidi niache kupuliza nihesabu kwa mdomo moja mbili moja mbili. Tarehe 9 nitavaa koti nitakuja. Lakini koneti haitoki kwenye sanduku mpaka bandimasta aende kwa Mama Opio kwa miguu yake. Si kwa simu. Ni mimi Mzee Sajini

09:38 Dada Klarineti: 🙏

10:15 Mwalimu Tarumbeta: Mzee.

12:30 Mama Zai (Saksi): Mzee tumesikia. Bandimasta?

12:52 Mama Zai (Saksi): Bandimasta umesoma?

13:05 Simbali: mimi nampeleka na boda bure kabisa

13:06 Kaka Tromboni: mzee kasema kwa miguu

14:22 Mama Opio: Nimesoma yote. Ngoma iko chumba cha mbele nimeifunika shuka panya wasiitafune. Upande mmoja umelegea. Sijamkataza mtu, hakuna aliyekuja kuuliza. Leo niko sokoni Masese mpaka usiku.

14:23 Mama Zai (Saksi): Asante sana dada yangu 🙏🙏 tuje kesho saa ngapi?

14:41 Mama Zai (Saksi): Dada?

15:50 Jirani Tuba: Kama imelegea inataka jua siku mbili tatu na zile kamba zivutwe upya. Hesabuni wenyewe siku zilizobaki

16:10 Bandimasta: Leo mazoezini sifiki niko Bugembe. Kesho nitaangalia

16:11 Jirani Tuba: Utaangalia nini?

16:30 Mama Zai (Saksi): Haya, mazoezi yako pale pale, ngoma isiwepo hatua tutapiga makofi. Tromboni umeosha?

16:42 Kaka Tromboni: nimeosha. sasa inateleza mpaka imechomoka ikaanguka, imepinda kidogo

16:43 Mama Zai (Saksi): Kidogo kiasi gani

16:44 Kaka Tromboni: nakuja nayo utaona

16:58 Simbali: niko njiani. nani ana elfu tano ya mafuta narudisha jioni

17:26 Saidi Dramu: Wakubwa habari za siku nyingi, sikuwa na bando. Hivi mazoezi ni lini?