Hivi maji ya ziwa letu Victoria ndo yaliyolisha Misri ya Mafarao? Wajuvi njooni

Kijana_wa_Igogo:
Wakuu habari za jioni. Leo asubuhi nilikuwa mwaloni Kirumba tunasubiri mitumbwi ya dagaa, upepo ulikuwa mkali wamechelewa sana, sasa si unajua watu wakikaa bure mdomo unafanya kazi. Jamaa mmoja akasema Misri yote ile, mapiramidi, mafarao, sijui mahekalu, imejengwa na maji ya hapa kwetu, tungekuwa na koki enzi hizo tungeifunga tu Farao angekuja Mwanza kupiga magoti. Tukacheka ila wengi tukamuunga mkono. Kuna ticha mstaafu huwa anakuja kununua dagaa wa kuku akasema jamani acheni, maji yale ni ya Ethiopia sio ya kwenu. Ikawa vurugu mpaka watu wakawekeana kreti moja ya soda na mimi nimo upande wa ziwa. Nani yuko sahihi? Na hao Wamisri walikuwa wanajua kama sisi tupo?

Chapa_Kasia:
Mkuu kreti yako iko hatarini kidogo lakini usilie bado.

Mto Nile una miguu miwili. Mmoja ni Nile Nyeupe, huo ndo unatoka ziwani kwetu pale Jinja, Uganda. Wa pili ni Nile ya Buluu unatoka Ziwa Tana kule milima ya Ethiopia, unakutana na wa kwetu Khartoum, halafu mbele kidogo unaingia Atbara nao wa milima hiyohiyo. Ukipiga hesabu ya mwaka mzima karibu asilimia 85 ya maji yanayofika Misri ni ya Ethiopia. Wa kwetu unaondoka Jinja na nguvu zake vizuri tu ila ukifika Sudan Kusini unaingia kwenye lile bwawa la mafunjo la Sudd, linasambaa huko, jua linapiga, karibu nusu ya maji yanapotelea hewani.

Sasa kilichomlisha Farao sio maji tu, ni TOPE. Mvua za Ethiopia zinapiga Juni mpaka Septemba, zinachimba ule udongo mweusi wa milimani zinausukuma mpaka Misri, mto unafurika mashamba yote, ukirudi unaacha tope mtu anamwaga ngano na shayiri bila samadi bila nini. Ndo maana wenyewe nchi yao waliiita Kemet, maana yake nchi nyeusi, nyeusi ya udongo. Maji ya ziwani kwetu yanafika kule yameshachujwa na Sudd, tope hayana. Hali ikaenda hivyo maelfu ya miaka mpaka bwawa kubwa la Aswan lilipokamilika 1970, mafuriko ndo yakaisha.

Na walikuwa wanayapima, hawakuwa wanabahatisha. Wana ngazi za mawe zinashuka mtoni zimechongwa alama za dhiraa, yaani kile kipimo cha kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mrumi mmoja anaitwa Pliny aliandika, maji yakifika dhiraa 12 Misri ina njaa, 13 njaa bado ipo, 14 watu wanaanza kuchangamka, 15 roho inatulia, 16 ni furaha tupu. Angalia hapo, dhiraa nne tu kati ya msiba na sherehe.

dagaa_mchele:
kwa hiyo ticha kala kreti 😂😂 nawaambiaga kila siku msibishane na mtu aliyeshika chaki miaka 30

Mama_Nyerere_Road:
Ngojeni kwanza msigawe soda. Chapa Kasia kaeleza vizuri ila kaongelea miezi ya mafuriko tu, na mwaka una miezi mingine. Mvua za Ethiopia zikikata, Nile ya Buluu inanywea vibaya mno. Mwezi wa nne, wa tano, ule mto unaopita Misri sehemu kubwa ni wa kwetu, kwa sababu ziwa ni tangi, linatoa kidogokidogo mwaka mzima halijali masika wala kiangazi. Kwa hiyo Ethiopia ndo ilikuwa inapika chakula, ziwa lilikuwa linahakikisha moto hauzimiki. Farao asingepata ngano kwa maji yetu peke yake, ila bila sisi kuna miezi mto ungekuwa wa kuvuka kwa miguu.

Na kuna kitu kinanifurahishaga sana kwenye hii habari. Cairo, kwenye kisiwa cha Rawda, kuna kisima cha kupimia Nile kilichojengwa mwaka 861 enzi za Khalifa al-Mutawakkil. Katikati kuna nguzo ya marmaru ina alama za dhiraa, maji ya mto yanaingia chini kwa mifereji. Walikuwa wanaandika vipimo viwili kila mwaka, kile cha chini kabisa kabla mafuriko hayajaja na kile cha juu kabisa. Cha juu ndo kodi ya mwaka ilipokuwa inategemea, maji yasipofika hapo serikali haina cha kudai kwa mkulima. Lakini kile cha CHINI, ambacho pale Cairo hakuna aliyekuwa anakishangilia, wataalamu wa siku hizi wanakitumia kukisia maziwa ya huku kwetu yalikuwa yamejaa au yamepungua karne zile. Yaani karani wa Cairo alikuwa anaandika habari za mvua za Mwanza bila kujua kuna Mwanza!

Na hayo maji yalikuwa yanaangusha tawala msichukulie poa. Mwaka 967 mafuriko yaligoma, njaa ikaingia, waliokuwa wanatawala wakayumba, mwaka 969 Wafatimi, ukoo wa watawala Waislamu, wakaja kutoka magharibi wakaichukua Misri kirahisi tu na Cairo yenyewe ndo wao waliianzisha. Ndo mjue kwa nini kwenye Biblia ile ndoto ya Farao aliyoifasiri Yusufu, ng'ombe wote, wanono na waliokonda, wanatokea mtoni. Mtu wa Misri hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Mvuvi_Mstaafu:
Kwenye swali la kutujua. Herodotus Mgiriki alipanda mto mpaka Elephantine pale Aswan, huko mbele akabaki kuulizauliza watu. Kaisari Nero wa Roma akatuma maaskari wapande mto, wakakwama kwenye mabwawa ambayo mtumbwi unaopita ni ule mdogo wa mtu mmoja, wengi wanaamini ndo hiyohiyo Sudd. Aliyewahi kufungiwa injini na magugu maji hapa ziwani atawahurumia. Baadaye Ptolemy wa Alexandria, karne ya 2, akaandika kwamba Nile inaanzia kwenye maziwa. Kasikia kwa wafanyabiashara hajafika.

Halafu msiongee kama huku kulikuwa na viboko tu. Wakati wa Nero huyo watu wa ukanda huu wa ziwa walishakuwa wanayeyusha chuma, nendeni Katuruka kule Kagera mkaone. Vyungu vyao, vile wataalamu wanaviita vya Urewe, vina kibonyeo kwenye kitako kama mtu kakandamiza kidole gumba udongo ukiwa mbichi.

Kijana_wa_Igogo:
Asanteni sana wakuu, Mama ubarikiwe. Nimemsomea ticha kwenye simu kacheka, kasema miezi nane soda zake, miezi minne za kwetu, kwa hiyo kreti ya chupa 24 yeye kachukua 16 sisi tumebaki na 8 na tulikuwa watu kumi na moja. Halafu nikamuonyesha hilo la karani wa Cairo, akanyamaza, akanishika mkono mpaka kwenye nguzo ya gati. Ule mstari wa maji ya 2020 si bado upo? Akaweka kiwiko kwenye maji akanyoosha mkono juu. Dhiraa moja na shubiri.