Sukari nimeacha, kipimo hakishuki. Mafuta yanaingiaje hapa?

Bi_Wete:
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie nipo Wete, umri 47. Mwezi wa Rajabu nilipima sukari kabla sijala, ikatoka 6.3. Daktari akaniambia kisukari bado, ila insulini yangu imeanza kugomewa na mwili. Nikalifungia kabatini kopo la sukari, chai nanywa na tangawizi tu. Juzi nimerudi: 6.4! Sukari hata hakuiuliza. Kauliza asubuhi nakula nini. Nikamwambia maandazi matatu, au muhogo wa kukaanga. Akachukua futi, kiuno sentimita 98. Akataja mafuta na uvimbe wa ndani kwa ndani, foleni nyuma yangu ndefu, nikatoka sijaelewa. Na nazi je? Mpemba bila nazi!

Nesi_Mstaafu:
Waalaykum salaam dadaangu. Insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye misuli. Mafuta yakizidi hujazana ndani ya ini na misuli yenyewe, basi insulini inabisha hodi haisikiki. Na yale ya tumboni, yanayozunguka matumbo, hayakai kimya, yanamwaga kemikali za uvimbe zinazozidi kuuziba mlango. Si uvimbe wa jipu huo, huuoni wala hauumi. Kiuno cha mwanamke kikipita 80 tunaanza kutupia jicho.

Aina ya mafuta nayo ina neno. Uswidi waliwalisha watu 39 keki ndogo kwa wiki 7, wengine za mawese, wengine za alizeti. Matokeo yakatoka 2014. Wote walinenepa sawasawa, lakini wa mawese ndio walioongezeka zaidi mafuta ya ini na ya tumbo. Sasa yaangalie maandazi yako.

Mtu_wa_Konde:
Nazi msiisingizie! Babu yangu kala muhogo wa nazi mpaka miaka 90.

Nesi_Mstaafu:
Babu yako akipanda mikarafuu, wewe unapanda bodaboda. Mafuta ya nazi mengi ni ya kuganda, jamii moja na ya mawese, hilo halina ubishi. Sisemi aiache; kasimele atie kidogo, tui la pili ndilo liwe jingi.

UmmuChake:
Shoga, mie nilikuwa kama wewe. Vibua nachoma au natia ndimu na chumvi nachemsha, wana mafuta mazuri wale. Nikishamaliza chakula cha usiku natembea robo saa, maana misuli ikifanya kazi huivuta sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Na maandazi usiyalaumu mafuta peke yake, unga mweupe nao ni sukari iliyovaa kanzu. Ukipewa dawa lakini, usizikatishe kwa maneno yetu.

Bi_Wete:
Ahsanteni. Nimeinuka kulitazama dumu langu: mawese, herufi ndogo chini kabisa. Na ndani ya karai yamebaki ya juzi, meusi, nilikuwa nayaweka nikaangie kesho. Nimeyamwaga. Asubuhi muhogo wa kuchemsha. Baba watoto bado sijamwambia.