Mgonjwa kachelewa kupata nguvu baada ya neostigmini (dawa ya kuondoa ulegevu wa misuli), naomba ushauri

Habari za kazi wakuu. Natoa dawa za usingizi, na jana nilipata jasho. Mgonjwa wa kilo 60, rokuroniamu (dawa ya kulegeza misuli) ya mwisho miligramu 10, dakika 20 kabla ya kumaliza kushona. Nikampa neostigmini miligramu 2.5 na atropini miligramu 1.2 (ili neostigmini isipunguze mapigo ya moyo). Dakika 10 baadaye macho anafumbua, ila kichwa hakiinuki na anapumua juujuu, kifua kinatikisika tu. Nikamrudisha kwenye mashine ya kupumulia, nikamwongezea usingizi kidogo (kulegea huku unasikia kila kitu ni mateso). Nusu saa ndipo akakaza mkono. Alikuwa amechomwa jentamaisini (antibiotiki), nayo huzidisha ulegevu. Sugamadeksi (dawa nyingine ya kuondoa ulegevu wa rokuroniamu) hatuna, kipima neva (kinachoonyesha ulegevu uliobaki) kimekufa.

Je, ningeongeza neostigmini au nilifanya vyema kusubiri? Na bila kipimo, mnatumia dalili zipi kabla ya kutoa tyubu ya kupumulia?