Barua za patroni wa babu kutoka kisiwa cha Rhodes: nianzie wapi?

MWALIMU WA KATUBA

Jambo yenu wote. Swali langu ni refu kidogo, munisamehe.

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi cherehani. Tangu 1936 alishonea kwenye baraza ya duka la patroni wake, Myahudi mmoja wa Rhodes, hapa Lubumbashi, enzi za Élisabethville. Cherehani ya patroni, uzi wa patroni, kitambaa kinatoka ndani, babu anakata kaptula za kaki mpaka jua linazama. Mwaka 1960 patroni aliondoka na familia yake. Akamwachia babu sanduku la bati: "Nitunzie, nitarudi." Hakurudi. Babu alilitunza chini ya kitanda Kamalondo mpaka alipofariki, mama mkubwa akalipokea, na mwaka huu limefika kwangu.

Ndani mna bahasha tano zenye stempu za Kiitaliano na muhuri wa Rodi (ndiyo Rhodes kwa Kiitaliano), ya mwisho ni ya Mei 1940. Mna fomu moja ya Msalaba Mwekundu ya 1942, maneno machache ya Kifaransa: wote wazima, mama anakubusu. Mna picha ya mama na mabinti watatu mbele ya mlango wa mawe. Baada ya hapo, kimya. Babu alikuwa akitusimulia kwamba mwaka 1945 patroni alifunga duka siku saba, akaketi sakafuni bila viatu, watu wanaingia na kutoka bila kusema. Babu alimpelekea chai, naye akamwambia tu, "Kwetu kumekwisha."

Nataka kujua kwao kuliishaje. Wanawake hawa wanne walipatwa na nini, na majina yao yameandikwa wapi? Barua zenyewe zimenishinda. Mchungaji wetu amesoma Kiebrania. Aliziangalia akasema hiki si Kiebrania, ni mikwaruzo. Niende meri, ofisi ya mji? Niende UNILU, chuo kikuu chetu? Kuna na kaye (daftari) ya hesabu ya babu, lakini humo ni mita za vitambaa na madeni ya watu tu.

MZEE WA MAKTABA

Mwanangu, mikwaruzo hiyo ina jina: solitreo. Ni herufi za Kiebrania katika mwandiko wa mkono wa Wayahudi wa upande ule, ila lugha yenyewe ni Ladino, Kihispania cha kale ambacho mababu zao walitoka nacho Hispania walipofukuzwa mwaka 1492. Aliyezoea Kiebrania cha Biblia iliyochapwa hawezi kuusoma mpaka afundishwe upya. Kwa hiyo usimpe mtu wa kubahatisha. Piga picha kila ukurasa, mbele na nyuma, pamoja na bahasha, mchana lakini si juani. Na nakuomba sana, usizinyooshe kwa pasi. Nimeona mtu akifanya hivyo kwa barua za baba yake, wino ukaondoka mbele ya macho yetu.

Tarehe za sanduku lako zinasema mengi. Rhodes ilikuwa mikononi mwa Waitaliano tangu 1912. Mwaka 1938 sheria zao za ubaguzi zilifika hadi kisiwani. Wayahudi wa kigeni walioingia baada ya mwanzo wa 1919 walipewa miezi sita waondoke. Italia ikaingia vitani Juni 1940, Kongo ya Wabelgiji ikiwa upande wa Waingereza. Ndiyo maana barua yako ya mwisho ni ya Mei. Kuanzia hapo njia ilikuwa fomu ya Msalaba Mwekundu, na humo hukuruhusiwa kuzidisha maneno 25.

Wajerumani walikiteka kisiwa Septemba 1943. Julai 1944 waliwaita wanaume kwanza, kisha wanawake na watoto wakaamriwa kuja na vitu vyao vya thamani. Tarehe 23 Julai walipakiwa kwenye mashua za mizigo hadi Piraeus, bandari ya Athens, wakafungwa kambi ya Haidari, na tarehe 3 Agosti wakatiwa kwenye treni. Walifika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Polandi, tarehe 16 Agosti. Kutoka Rhodes walikuwa zaidi ya 1,600, na waliotoka hai ni kama 150. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwang'ang'ania Wajerumani mpaka wakawaachia arobaini na kitu, wenye uraia wa Uturuki na jamaa zao.

Kuketi chini siku saba ni matanga yao. Babu yako alipopeleka chai alikuwa amefika msibani.

DADA WA BRUXELLES

Yaya, ongeza hili kwa aliyoyasema mzee, maana mimi lilinipotezea miezi nilipokuwa namtafutia jirani yangu wa hapa, mama mwenye asili ya Rhodes aliyezaliwa Élisabethville.

Usitafute jina kwa tahajia moja. Karatasi za Kiitaliano zina yao, za Wabelgiji zina yao, na mtu mmoja anaweza kuwa Giacobbe huku, Jacques kule, Yaco nyumbani. Mwanamke unaweza kumkuta kwa ukoo wa baba au wa mume. Sasa angalia neno dogo lililo kati ya majina. Waitaliano wakiandika "Rebecca di Mosè", Mosè baba yake yu hai. Wakiandika "Rebecca fu Mosè", ni marehemu. Kwa neno hilo moja nilitenganisha wanawake wawili wenye jina lilelile kwenye mtaa uleule.

Anza na orodha ya CDEC, kituo cha nyaraka za Wayahudi cha Milano, iko wazi kwenye intaneti, na imewaweka watu wa Rhodes pamoja na waliochukuliwa Italia. Utakuta wazazi, mahali alipozaliwa, na kama aliokoka. Kisha Yad Vashem, kituo cha kumbukumbu cha Yerusalemu, kwa sababu kule ndugu wenyewe walijaza kurasa za ushuhuda. Kisha arshivu za Arolsen, Ujerumani, zenye karatasi za wahanga wa Wanazi. Usipoona namba ya kambi usifurahi haraka. Waliouawa siku ileile ya kufika hawakupewa namba wala kuandikwa kwenye daftari la kambi.

Rhodes kwenyewe yako mafaili ya karabinieri, polisi wa Kiitaliano waliokuwa wakifuatilia wakaaji wa kisiwa. Na karatasi za serikali ya koloni ziko huku Bruxelles, Arshivu za Taifa. Ukipata jina kamili niandikie, nitaenda.

MTOTO WA KASENGA

Yaya, watu husahau kwamba Lubumbashi yenyewe iliandika habari hii mapema. Hizkia Franco alichapisha kitabu chake juu ya mashahidi (waliouawa) wa Rhodes na kisiwa jirani cha Kos hapahapa Élisabethville, mwaka 1952. Kiulizie maktaba za mji kabla ya kuandikia Ulaya. Na waliookoka, wengine walikuja huku kwa ndugu zao. Sami Modiano, mzaliwa wa Rhodes wa 1930, alitoka Auschwitz akaja Kongo. Hata baba yake mwanasiasa Moïse Katumbi alikuwa mtu wa Rhodes, kila mtu wa Luapula anajua.

Halafu hiyo kaye ya babu usiiweke pembeni. Isome yote, mstari kwa mstari, hasa ya baada ya vita.

MWALIMU WA KATUBA

Aksanti sana, wote watatu. Nimekawia kujibu kwa sababu nilishindwa kuandika.

Nimewakuta kwenye orodha ya Milano. Mama, na kwa "fu" nimejua baba yao alikuwa ameshakufa. Binti wa kwanza na wa pili wako naye, hawakuokoka. Wa tatu, mdogo wao, ameandikwa aliokoka. Niliisoma mara nne kabla ya kumwita mume wangu asome naye.

Kisha nikaifungua kaye. Penseli imefifia, ikabidi niinamishe taa. Machi 1947, mwandiko wa babu (robe ni gauni): "Dada ya patroni. Robe mbili, mita 7, bulu. Patroni anasema hapana kuandika deni." Na chini yake, wiki iliyofuata: "Robe ya dada kupunguza tena kiunoni."

Dada wa Bruxelles, nakutumia jina leo usiku. Jumatatu naenda meri kuulizia madaftari ya wageni ya 1946 na 1947. Nabeba na picha. Nadhani yeye ni yule mfupi, wa mwisho kushoto, aliyeshika ukuta.